Mkanda wa racheti wa milimita 50: kufunga si kukaza

Utingo akiambiwa "funga mzigo" anaweza kufanya mambo matatu, na yote yakaitwa kufunga. Anaweza kushikiza turubai kwa muda lisipeperuke. Anaweza kufundika kamba ya manila kwenye ndoano ya bodi. Au anaweza kukaza, yaani kuvuta hadi mzigo ukandamizwe kwenye sakafu ya gari. Mkanda wa racheti, yaani ule unaokazwa kwa kifaa cha chuma chenye gurudumu la meno na mkono wa kupampu, umetengenezwa kwa kazi hiyo ya tatu, na kwa kazi hiyo tunaupa alama za juu kuliko kamba ya katani au ukanda wa mpira wa tyubu. Mpira hunyumbuka mzigo unapousukuma, kwa hiyo unafaa kushikiza tu.

Kabla ya kununua, soma lebo. Lebo ya buluu ni poliesta, ndiyo ya kuchagua kwa lori. Tafuta vifupisho viwili: LC, nguvu ambayo mkanda unaruhusiwa kubeba ukivutwa moja kwa moja (mikanda mingi ya upana huu ni daN 2,500), na STF, mkazo unaobaki baada ya kukaza kwa mkono, mara nyingi daN 300 hivi. daN 1 ni karibu sawa na uzito wa kilo 1. Wauzaji husifia LC kwa sababu ni namba kubwa, lakini mkanda unaopita juu ya mzigo hufanya kazi kwa STF. Usio na lebo usinunue hata ukiwa mpya.

Namna ya kukaza: fungua mkono wa racheti nusu, pitisha ncha ya mkanda kwenye mwanya wa mhimili, kisha vuta ulegevu wote kwa mkono. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Ukiacha ulegevu, mkanda hujirundika kwenye mhimili, meno yanakwama na mkazo haupatikani. Mhimili unatakiwa kuwa na mizunguko isiyopungua mmoja na nusu na isiyozidi mitatu. Pampu mkono hadi ugome, ulaze mpaka ujifunge. Usiongeze bomba kwenye mkono ili upate nguvu zaidi. Racheti hupinda na kijino kinachozuia gurudumu lisirudi huharibika. Na usifundike mkanda huu hata siku moja, maana fundo hula karibu nusu ya nguvu yake.

Kwenye mwendo, vitenzi vya dereva navyo vinatofautiana. Kupinda taratibu kwenye kona za mlima Kitonga kule Iringa si sawa na kuchepuka ghafla kukwepa shimo, ingawa yote ni kubadili uelekeo. Kanuni za Ulaya za ufungaji mizigo huhesabu kwamba mzigo unaweza kusukumwa ubavuni kwa nusu ya uzito wake, na mbele, breki zikishikwa, kwa asilimia 80. Chukua kreti la kilo 1,000 kwenye sakafu ya mbao, mikanda ya STF daN 300 ikishuka wima pande zote mbili: kwa msukumo wa ubavuni mikanda 2 inatosha, kwa breki inahitajika 4. Weka mkeka wa mpira chini ya kreti na 2 itatosha kwa yote, kwa sababu mpira unashika kuliko mbao. Mkeka ni rahisi kuliko mikanda miwili ya ziada, lakini magari mengi hayana.

Mkanda ukilala kwa mshazari, mkandamizo wake hushuka. Kwenye nyuzi 30 kutoka sakafuni, mkandamizo unaobaki ni nusu tu. Mzigo mfupi kwenye bodi pana ndio unaoleta tabu hii.

Udhaifu upo. Kingo za mabati hukata nyuzi, hivyo weka kinga ya kona au kipande cha tairi. Vumbi la saruji huingia kwenye meno, na saruji mbichi hula poliesta. Osha kwa maji matupu. Mkato pembeni ukifika sehemu ya kumi ya upana, mkanda huo ni wa kutupa. Magunia hujipanga upya yakitikiswa, kwa hiyo simama baada ya kilomita chache ukaze tena.

Kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba racheti ya kawaida inajua kufungua, haijui kulegeza. Ukivuta kitasa cha ndani na kulaza mkono nyuma kabisa, mkazo wote unaondoka kwa mara moja. Kama mzigo umeegemea mkanda, utamwangukia aliyesimama mbele yake. Kagua kwanza umeegemea upande gani, simama upande mwingine, ndipo ufungue.