Rangi za Kumetameta kwa Kadi za Sikukuu: Ipi Ununue Kwanza

Dhahabu inayowaka ndani ya chupa dukani inaweza kukauka kwenye kadi ikawa kahawia iliyochujuka, na mara nyingi kosa si la rangi. Rangi nyingi za kumetameta za kazi za karatasi hazina dhahabu wala fedha ndani yake. Zina unga wa ulanga, yale madini yanayobanduka tabaka kwa tabaka, uliovikwa utando wa oksidi ya titani au ya chuma. Chembe zake ni bapa na mwanga hupenya ndani yake. Ukizipaka juu ya karatasi nyeupe, weupe wa chini unarudisha mwanga mwingi hadi mng'ao unamezwa. Ukizipaka juu ya nyeusi, buluu nzito au kijani kibichi kilichoiva, mwanga unaorudi ni ule wa chembe peke yake, na rangi ileile inawaka.

Kwa hiyo kabla ya kulipia rangi ya bei kubwa, nunua karatasi nyeusi. Hilo ndilo badiliko dogo linaloonekana kuliko yote.

Rangi zilizo hapa chini tumezipanga kwa mambo matatu: mng'ao baada ya kukauka, uvumilivu kwenye mkunjo, na kama kadi zikirundikwa zitashikana au la.

1. Rangi ya maji ya ulanga, ya vidonge

Hii ndiyo ya kwanza kununuliwa, hata kama utanunua moja tu. Huuzwa ikiwa kidonge kikavu ndani ya kijisahani, na kinachoshika chembe pamoja ni gundi ya mgunga. Tabaka lake ni jembamba mno, kwa hiyo halipasuki kadi inapokunjwa. Kikikauka unakiamsha kwa maji, hakuna kinachotupwa, na seti ya rangi sita hudumu misimu kadhaa ya kadi.

Wanaosema hazing'ai kwa kawaida wamezipaka nyepesi mno. Dondosha matone mawili au matatu ya maji juu ya kidonge, subiri dakika moja, kisha zungusha brashi laini taratibu mpaka rangi iwe nzito kama rangi ya kucha. Chota, weka tone katikati ya umbo unalolichora, halafu lisukume kuelekea kingo bila kurudi nyuma. Ukirudia kupiga brashi wakati rangi inaanza kukauka, chembe zinasimama wima badala ya kulala, na ndipo inapotokea michirizi iliyofifia. Iache ikauke kabisa, kisha inamisha kadi mbele ya taa: palipolala vizuri patawaka kwa pamoja kama bati. Palipobaki na mabaka, ongeza tabaka la pili.

Ina udhaifu mmoja wa kweli: kidole chenye jasho huibandua. Usiipake mahali ambapo mkono utashika kadi ikifunguliwa. Tenga pia kikombe cha maji cha rangi hizi peke yake, kwani ulanga ukiingia kwenye rangi zako za kawaida, kila kitu kitameta usipotaka.

Soma kwenye lebo alama za pigmenti, yaani unga unaotia rangi. PW20 ni ulanga, na haubadiliki rangi. PM1 ni unga wa alumini. PM2 ni unga wa shaba au mchanganyiko wa shaba na zinki: huo una metali kweli, unafunika vizuri hata juu ya nyeupe, lakini hewa na unyevu huufanya kuwa kahawia au kijani. Kwa kadi ambayo mtu ataitunza miaka mingi, chagua PW20.

2. Akriliki ya kumetameta

Hapa ndipo penye kazi ya stensili (kiolezo chenye umbo lililotobolewa), maumbo ya kukata na nyuso pana. Chupa ya mililita 60 inatosha takriban kadi 20 za A6 (robo ya A4) zikipakwa uso mzima mara mbili. Ikikauka haitoki kwa maji, kwa hiyo unaweza kuandika juu yake bila hofu.

Inapoharibu ni kwenye mkunjo. Akriliki ni plastiki. Ikiwa nene, inapasuka pale karatasi inapopinda na weupe unajitokeza kama ufa. Acha milimita 3 kila upande wa mstari wa kukunjia bila rangi, au paka kipande tofauti cha karatasi kisha ukibandike juu ya kadi. Njia ya pili tunaipenda zaidi: kipande kikiharibika unatupa hicho tu, si kadi nzima.

Usiizimue kwa maji mengi. Sehemu 1 ya maji kwa sehemu 4 za rangi inatosha. Ukizidisha, kishikizo kinachoshika chembe kinakuwa dhaifu na chembe zinatoka kama vumbi. Rangi ikikataa kufunika, tanguliza tabaka moja la akriliki nyeusi au kahawia nzito, kisha dhahabu juu yake.

Kwenye stensili, futa brashi kwenye kitambaa mpaka ikaribie kukauka, igonge wima, usiisugue. Rangi iliyolowa hujipenyeza chini ya ukingo, ndiyo maana nyota inatoka na ndevu. Bandua stensili rangi ikiwa bado mbichi.

Na usirundike kadi siku hiyohiyo. Akriliki iliyokauka kwa mguso bado hushikana ikikandamizwa. Ipe saa 24, kisha tenganisha kadi kwa karatasi ya kuokea.

3. Maka za kumetameta

Nunua moja ya dhahabu yenye ncha ya milimita 1 kwa maandishi na kingo. Chagua ya maji. Zile za mafuta zinanuka na zinapenya hadi upande wa pili wa karatasi nyembamba. Itikise vizuri, na ncha uibonyeze juu ya karatasi ya taka, kamwe si juu ya kadi, kwa sababu mbonyezo mmoja unaweza kumwaga tone zima. Ihifadhi ikiwa imelala.

4. Poda ya kuyeyushwa kwa joto

Hii ndiyo pekee inayotoa mng'ao wa kweli wa metali ukiwa umeinuka, na juu ya karatasi nyeupe inashinda zote. Tumeiweka ya nne kwa sababu inadai ununue vitu vinne: poda, mhuri, wino wa mhuri unaochelewa kukauka, na kifaa cha hewa moto. Kikausha nywele hakitoshi: joto lake ni dogo na upepo wake unapeperusha poda. Kabla ya kugonga mhuri, pitisha poda ya talki kidogo juu ya karatasi ili chembe zisinate nje ya mchoro. Gonga mhuri, nyunyiza poda ya kuyeyushwa juu ya wino ukiwa bado mbichi, kung'uta iliyozidi. Elekeza joto, na mara poda inapogeuka kuwa ya majimaji yenye kung'aa, ondoa kifaa. Ukichelewa, inanywewa na karatasi na kubaki doa la mafuta.

5. Rangi ya kupuliza na pambo la unga

Ziache. Ya kupuliza hulowesha kingo na kuzifanya zikunjamane. Pambo la unga linamwagika ndani ya bahasha.

Karatasi na vifaa

Kwa mwili wa kadi tafuta gramu 250 kwa mita ya mraba. Chini ya 200 inajikunja ikipata rangi. Juu ya 300 inapasuka kwenye mkunjo usipoichora mstari kwanza. Ukipaka rangi ya maji kwa wingi, tumia karatasi ya rangi ya maji ya gramu 300.

Kata A4 katikati, milimita 148.5, kisha kunja kila nusu kwenye milimita 105: unapata kadi mbili za A6 zinazoingia kwenye bahasha ya C6. Kwa kadi 30 nunua karatasi 18. Tatu ni za kujaribia na za makosa. Kabla ya kukata, pinda karatasi kidogo pande zote mbili bila kuivunja. Upande unaolegea kirahisi ndio mwelekeo wa nyuzi, na mkunjo ukifuata nyuzi hautaacha manyoya.

Huhitaji kifaa maalumu cha kuchora mstari wa kukunjia. Kalamu ya wino iliyokwisha na rula ya chuma zinafanya kazi ileile. Mstari huo huacha kifereji upande mmoja na kituta upande wa pili: kunja kadi kifereji kikibaki nje na kituta kikiingia ndani.

Kwa umbo linaloinuka kadi ikifunguliwa, ikunje kwanza, kata mikato miwili sambamba kuanzia kwenye mkunjo, kila mmoja wa milimita 30, ikiachana milimita 20, kisha ifungue na usukume ndani kipande kilicho kati ya mikato kiwe kisanduku na ubandike nyota yako mbele yake. Kadi ikifungwa, kisanduku hufika mara mbili ya urefu wa mkato. Kwa hiyo kwenye kadi ya milimita 105 usizidishe mkato wa 50, la sivyo pembe itachungulia nje ya bahasha. Nyota nayo ipime kadi ikiwa imefungwa kabla ya kuweka gundi.

Bandika kwa utepe wa gundi wa pande mbili. Gundi nyeupe ina maji, na maji huvimbisha nyuzi hadi kadi inakuwa na mawimbi. Ikishapata mawimbi, lowesha upande wa nyuma kidogo sana kwa sponji, uiweke kati ya karatasi mbili za kuokea, na uikandamize chini ya vitabu vizito usiku kucha. Kama mbele kuna akriliki, hakikisha saa zake 24 zimetimia kwanza.