Casio fx-991ES PLUS: uwezo wa FACT mbele ya 4294967297

Kwa namba tasa, kikokotoo hiki ni chaguo zuri, maana FACT yake huvunja namba kuwa vigawo tasa, ila soma mabano ya jibu lake kwa makini. Andika 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1, bonyeza =, kisha SHIFT na kitufe cha °'" chenye FACT juu yake. Usiporuka ile =, utapata 641×(6700417). Mwanahisabati Fermat aliidhani 4294967297 ni tasa. Mwanahisabati Euler alikipata kigawo chake 641 mwaka 1732.

Mabano hayamaanishi 6700417 inagawanyika. Mashine hupokea tarakimu 10 tu na kujaribu vigawo tasa visivyozidi tarakimu tatu, basi huishia hapo. Wengi hukosea hapa!

Malizia mwenyewe. Kipeuo cha pili cha 6700417 ni takriban 2588, na kila kigawo tasa cha 4294967297, hivyo pia cha 6700417, lazima kiwe na umbo 128k+1 (k ni namba nzima). Kati ya 1000 na 2588, namba tasa za umbo hilo ni mbili: 1153 inaacha baki 334, na 1409 baki 622. Kwa hiyo 6700417 ni tasa.

Desimali na namba hasi FACT haizigawanyi.