Walinitoza Fedha ya Kukagua Uwiano wa Difu, Kisha Hawakuukagua

Kwenye stakabadhi niliyopewa na gereji moja ya hapa Arusha, ambayo pia inauza vipuri vilivyotumika, kuna mstari ulioandikwa wazi kabisa: "ukaguzi wa uwiano wa difu". Difu ni mfumo wa meno unaopokea mzunguko wa propela, ile shafti ndefu iliyo chini ya gari, na kuupeleka kwenye magurudumu; uwiano wake ni idadi ya mizunguko ya propela kwa mzunguko mmoja wa magurudumu. Mstari huo una bei yake, nami nililipa bei hiyo bila kuomba punguzo. Nasema hivi mapema kwa sababu msomaji anaweza kudhani kwamba nalalamikia kipuri kibovu. Kipuri chenyewe kilikuwa kizima. Ninacholalamikia ni kazi iliyolipiwa ambayo haikufanyika, na maneno niliyoambiwa niliporudi kuiulizia.

Gari langu ni Land Cruiser ya familia ya 70, gari la kubeba wageni. Kabla ya masika kichwa cha difu cha mbele kilianza kulia, nikaamua kutafuta kingine kilichotumika. Wenye magari haya wanajua ugumu wake. Toyota imekuwa ikitengeneza familia ya 70 tangu 1984, kwa masoko mengi na injini tofauti, na vichwa vinavyofanana kwa macho vinaweza kuwa na meno tofauti ndani. Changu cha nyuma kina krauni (gurudumu kubwa la meno) ya meno 37 na pinioni (dogo linaloizungusha) ya meno 9, yaani uwiano wa 4.11, na cha mbele lazima kilingane nacho. Niliieleza gereji hiyo jambo hilo kwa mdomo na kwa ujumbe wa simu, tena nikawatumia picha ya krauni ya zamani. Wakanijibu kwamba wamenielewa, na kwamba watahesabu kabla ya kufunga.

Niwape haki yao kwanza. Fundi aliyekifunga kichwa hicho ni kijana mwenye mikono safi. Sili za mafuta za akseli za mbele alizibadilisha bila kuambiwa, boliti alizikaza kwa spana ya kipimo, na gari lilipotoka halikuvuja hata tone, wala mlio wa zamani haukusikika tena. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikiwasifia kwa madereva wenzangu. Kama mtu angeniomba maoni wakati ule, ningempeleka mwenyewe hadi mlangoni pao.

Lakini kichwa hicho kilikuwa na uwiano tofauti na cha nyuma, na kosa la aina hii lina ubaya wake wa pekee: linajificha. Magari yetu haya yakiwa katika mwendo wa kawaida huvutwa na magurudumu ya nyuma peke yake, na habu za mbele (vifungio vinavyounganisha magurudumu na akseli zake) zikiwa zimefunguliwa, difu ya mbele haifanyi kazi yoyote. Kipima mwendo nacho hakisemi kitu, kwa kuwa difu ya nyuma haijaguswa. Unaweza kwenda Moshi na kurudi, ukaenda Babati na kurudi, usione dalili hata moja. Siku utakapofunga habu na kuweka gia ya magurudumu manne, transfa, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, inazilazimisha propela zote mbili kuzunguka kwa kasi moja, na hapo ndipo meno yanapoanza kudaiana.

Kwangu siku hiyo ilikuja kwenye njia ya kutoka Mto wa Mbu kuelekea Engaruka, nikiwa na familia ya wageni na watoto wao wawili. Tulikuta korongo lenye mchanga laini, nikafunga habu, nikaweka gia ya magurudumu manne, tukavuka. Gari lilikuwa zito, lakini mchanga unasamehe, kwa sababu tairi linateleza kidogo na msongo unapotea. Tulipopanda upande wa pili kwenye mawe na changarawe ngumu, usukani ukawa mgumu mikononi, gari likaanza kurukaruka kana kwamba breki imeshika, na kila nilipojaribu kutoa gia ile, mkono wa transfa ulikataa kusogea. Muda mfupi baadaye tukasikia mshindo chini ya miguu yetu. Krosi, yaani kiungo cha propela ya mbele, ilikuwa imekatika, na propela inapiga chini ya sakafu.

Watoto walilia, nami sitasahau uso wa mama yao.

Baadaye kichwa hicho kilifunguliwa mbele yangu na fundi mwingine, mzee anayeheshimika sana kwa kazi za difu. Tulihesabu pamoja: krauni meno 43, pinioni meno 10, uwiano 4.30. Mtu asiyefanya kazi hizi ataona 4.11 na 4.30 ni majirani. Tairi la 7.50-16 huzunguka takribani mara 40 katika mita 100. Kwa tofauti hiyo, katika mita 100 tu propela ya mbele inadai kuzunguka mara saba na zaidi kuliko ya nyuma, ilhali transfa imezifunga pamoja. Mizunguko hiyo saba lazima ipate pa kwenda: tairi lisuguke, au chuma kikatike. Tofauti ndogo kweli zipo na zinavumilika. Seti ya 41 kwa 10 inatoa 4.10, na ukiiweka pamoja na 37 kwa 9, pengo lake ni dogo kuliko lile la tairi jipya na lililochakaa. Lakini 4.30 na 4.11 zimeachana kwa zaidi ya asilimia 4, na hakuna fundi wa difu anayeruhusiwa kusema hakujua.

Nilirudi gerejini nikiwa mtulivu, na nilisalimia kwa heshima. Yule bwana wa kaunta, ambaye umri wake ni wa mdogo wangu wa mwisho, hakuitazama stakabadhi. Alisema, "Mzee, difu ni difu. Gari lilitoka hapa linatembea." Nikamwonyesha ule mstari wa ukaguzi. Akaniambia kwamba walikagua kwa kuzungusha gurudumu mara moja na kuangalia propela, ikaenda nne na kidogo, na yangu ni nne na kidogo. Kisha akaongeza, mbele ya wateja wengine, kwamba wazee hatujui kutumia foo-wili, yaani hiyo gia ya magurudumu manne.

Hapo ndipo subira yangu iliponiishia, na hata sasa naandika nikiwa na hasira. Gurudumu moja, mzunguko mmoja! Tofauti ya vichwa hivi kwa mzunguko mmoja haifiki hata robo ya mzunguko wa propela, kwa hiyo kipimo chao hakiwezi kuitenganisha hata kwa bahati. Tena ukizungusha gurudumu moja wakati mwenzake amesimama, propela inakwenda nusu tu ya hesabu yake. Ikiwa kweli aliona nne na kidogo kwa namna hiyo, basi hakuna kilichozungushwa. Nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba kazi ya mikono ni nzuri na kaunta ni mbaya, nikawapa alama za katikati. Sifanyi hivyo tena. Kazi nzuri ya yule kijana ilitumika kufunga kwa ustadi kitu kisichostahili kufungwa, na aliyemkabidhi kichwa kile ndiye niliyemlipa kukihesabu.

Walikubali kunirudishia nusu ya bei ya kichwa. Krosi na matengenezo ya transfa nimejilipia. Nilichoomba zaidi ni wawapigie simu madereva wengine walionunua vichwa vya mbele kutoka mzigo uleule, maana niliwaona wakivichagua siku ile ile. Walikataa.

Basi nawaambia mimi. Kama ulinunua kichwa huko, weka gari mahali tambarare, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, inua magurudumu yote mawili ya mbele na uyaweke juu ya stendi imara, usitegemee jeki peke yake. Funga habu, acha mkono wa transfa kwenye gia ya magurudumu mawili, chora alama ya chaki kwenye propela ya mbele, kisha wewe na mwenzako zungusheni magurudumu yote mawili kwa pamoja mara kumi kamili. Uwiano wa 4.11 utakupa mizunguko 41 na kidogo ya propela, na ule wa 4.30 utakupa 43. Fanya vivyo hivyo nyuma, gia ikiwa huru na magurudumu ya mbele yamezuiwa. Hesabu zikiachana, fungua habu, usiguse gia ya magurudumu manne hata kwenye tope, na ukirudisha kichwa hicho usiende peke yako.