TextEncoder na ritifaa ya Ng'apa: uzoefu wangu

Karani wa chama cha msingi hapa Lindi anatumia programu niliyomwandikia kwa JavaScript kuweka kumbukumbu za mizani ya ufuta kwenye simu, mara nyingi bila mtandao. Maktaba ya data nimeitengeneza mwenyewe juu ya DataView, zana ya JavaScript ya kuandika na kusoma namba kwenye baiti, na mwanzoni ilijua namba tu: gramu kwenye Uint32 (namba kamili ya baiti 4), tarehe, namba ya mkulima. Msimu huu nikaongeza aina ya stringi, yaani maandishi, ili jina na kijiji vikae humo humo.

Nafasi ya kila neno niliipima kwa .length, yaani hesabu ya herufi na si ya baiti, na hapo ndipo nilipokosea. Mzee mmoja wa Ng'apa alipewa risiti yenye neno "Ng’a". Aliisogeza mbali na macho, akaisoma mara mbili, akasema, "Mwanangu, hiki siyo kijiji changu." Niliona aibu sana, maana risiti ndiyo ushahidi wake siku ya malipo.

Orodha ya wakulima ilikuwa imechapwa kwenye Word, na Word hugeuza ritifaa iliyonyooka (') kuwa iliyopinda (’). JavaScript inaihesabu kama herufi moja, lakini kwa UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kama baiti, inakula baiti 3. Kwa hiyo neno lenye urefu wa 6 lilihitaji baiti 8, nami nililitengea 6. Majina ambayo ritifaa iliangukia ukingoni yalitoka na ile almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza.

Kilichoniokoa ni encodeInto ya TextEncoder, zana ya JavaScript inayogeuza maandishi kuwa baiti za UTF-8. Haikati herufi katikati, na inakurudishia hesabu mbili: read, kiasi ilichosoma, na written, baiti ilizoandika. Read ikiwa pungufu ya urefu wa neno, programu inakataa kuhifadhi na kumwambia karani papo hapo. Nafasi sasa natenga .length mara 3, haipungui kamwe. Mbele ya kila stringi naweka urefu wake kwenye Uint16 (namba ya baiti 2). Hapo angalieni mpangilio wa baiti: DataView huanza na baiti kubwa usipoiambia vingine, na nilipousoma urefu kwa Uint16Array, inayofuata mpangilio wa simu yenyewe, baiti ndogo kwanza, 8 ikawa 2048.

Naipendekeza kwa moyo wote. Ila haisawazishi maandishi: ukitafuta, Ng'apa na Ng’apa ni vijiji viwili. Mimi nageuza ritifaa zote ziwe zilizonyooka kwanza, ndipo naita encodeInto.