TAHADHARI KWA BENDI ZA DAR ES SALAAM: Muuzaji anayejaribisha maiki halisi na kukabidhi bandia

Ndugu wanamuziki na viongozi wa bendi,

Mimi ni mtunza fedha wa bendi ndogo ya muziki wa dansi inayopiga Ijumaa na Jumamosi katika baa moja ya Temeke. Ninawatahadharisha kuhusu muuzaji wa maiki anayezungukia kumbi za upande huu wa jiji, kwa kuwa mbinu yake inaweza kumnasa hata mtu mwangalifu.

Hakuja na bei ya kutupa. Alifika saa mbili usiku tukiwa tunafunga vyombo, akasema huleta bidhaa kutoka Dubai, akatoa mkobani maiki moja ya Shure SM58 na kumwomba fundi mitambo wetu aichomeke. Tuliimbia maiki hiyo seti nzima ya kwanza. Ilikuwa halisi, hilo sina shaka nalo hata leo, na hapo ndipo ulipokuwa mtego wenyewe. Alitaka shilingi 250,000 kwa kila moja, bei isiyomshtua anayejua kwamba maiki hiyo huuzwa Marekani kwa dola zipatazo 100 kabla ya usafiri na ushuru. Tulipatana sita kwa shilingi 1,400,000. Fedha hizo tulizikusanya kwa miezi mitano kwa kukata viingilio na tuzo, kwa sababu, kama wapiga dansi wote wanavyojua, bendi isiyo na vyombo vyake huishi kwa hisani ya mwenye vyombo.

Mzigo aliuleta Jumatano mchana, maboksi yakiwa yamefungwa, wakati mixa na spika zetu zimefungiwa stoo na yeye mwenyewe akidai kuwa anawahi bandarini. Tulilipa kwa simu. Jina lililotokea halikuwa lile alilotuambia; alisema ni la mkewe, nasi tukanyamaza. Risiti aliahidi kuileta baadaye.

Jumamosi maiki zilianza kupiga mluzi kabla ya wimbo wa kwanza kwisha. SM58 hupokea zaidi sauti inayotoka mbele yake na kuikwepa ya nyuma, ndiyo maana waimbaji wanne wanaweza kusimama mstari mmoja huku monita, yaani spika za kujisikilizia, zikiwaelekea. Zile tulizouziwa zilikuwa zikizoa kila kitu, tumba na tarumbeta pamoja. Fundi akapunguza sauti hadi waimbaji wakalazimika kupiga kelele, na mmoja wao sauti ilimkauka kwa wiki nzima.

Kesho yake tulizipima kwenye mizani ya muuza nyama wa pale baa, ambaye alitucheka sana. Maiki halisi ya aina hiyo ina uzito wa gramu 298. Zetu hazikufika 250 hata moja. Ukizitikisa, kitu kinagonga ndani. Tulipofungua kichwa cha wavu tukakuta nyaya nyekundu na nyeusi, ilhali ile ya zamani ya fundi wetu ina ya njano na ya kijani.

Kwa hiyo, akiwafikia, nunueni maiki ileile mliyoijaribu, muitie alama kwa kalamu kabla haijatoka mikononi mwenu, na zile nyingine zichomekeni moja moja mbele yake kabla fedha haijatumwa. Daini risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, papo hapo. Anayekwepa risiti hana duka la kurudishia mali. Kwa waliokwisha kuuziwa, bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani, na malalamiko hupata nguvu zaidi yakiambatana na maiki yenyewe, boksi lake na ujumbe wa malipo. Sisi tumekwisha kutoa taarifa polisi na kupewa RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa hiyo. Namba aliyoitumia haipatikani tena, lakini nina hakika ile maiki yake moja halisi bado anayo, kwa kuwa ndiyo mtaji wake.

Katika kikao chetu mwenzetu mmoja alipendekeza tuziuze hizi sita kwa bendi ya mkoani ili turudishe angalau nusu ya fedha. Hoja hiyo ilikataliwa. Zimefungiwa stoo kama ushahidi, na tumezikwangua nembo, hivyo mkikutana na maiki za aina hii sokoni zikiwa na nembo, hazikutoka kwetu.