CutList Optimizer kwa mafundi wa makabati, nimeitumia hapa Tabora

Wakuu, mi natengeneza makabati hapa Ng'ambo Tabora na siku hizi sipangi tena mikato ya MDF (bodi za unga wa mbao ulioshindiliwa) kwa penseli, naingia programu ya CutList Optimizer kwa simu, najaza saizi ya bodi (mili 2440 kwa 1220), najaza vipande na idadi yake, nabonyeza, inanichorea kila bodi ikatwe vipi na mabaki ni asilimia ngapi. Kabati la jiko la mteja wa Isevya nilishapiga hesabu bodi 5, yenyewe ikaleta 4, sikuamini, nikachora kwa chaki sakafuni na kweli vikaenea vyote. Hela ya hiyo bodi moja nikanunulia bawaba na vitasa.

Inajuaje? Programu za aina hii hazijaribu kila mpangilio, vipande 30 tu ukitaka kuvijaribu kwa kila namna hakuna kompyuta itakayomaliza. Zinatumia njia za kufupisha kazi, zinaitwa heuristiki, mfano anza na kipande kikubwa halafu vidogo vijaze mapengo, badilisha tena, bakiza mpangilio wenye mabaki machache. Jibu linakuwa zuri ila si lazima liwe bora kuliko yote, kuna siku nasogeza vipande viwili mwenyewe napata baki refu la kutosha droo.

Pa kuwa makini ni unene wa mkato. Oda ya kwanza niliacha sifuri. Vipande vinne vya 610 kwenye 2440 vinaingia sawasawa kwenye mchoro, lakini bledi yangu inakula mili 3 kila ikipita, mikato mitatu ni mili 9, kipande cha mwisho kikatoka 601 na mlango ukaacha uwazi unaouona ukiwa mbali, ikabidi ninunue bodi nyingine. Jazeni hiyo 3 kabla ya kitu kingine chochote jamani.

Na kama ni plaiwudi yenye sura ya mninga washa mwelekeo wa nyuzi, la sivyo mlango mmoja utalala wakati wenzake wamesimama, na mtu wa Tabora anaijua mninga.

Mikato ya CutList inatoka ukingo hadi ukingo, msumeno wa meza ndo unavyotaka. Maumbo ya kupinda haifanyi, nyie wa leza na CNC (mashine za kukata zinazoongozwa na kompyuta) chukueni programu ya Deepnest, ni ya bure, inageuza maumbo na hata kuingiza madogo kwenye matundu ya makubwa, unaiacha inatafuta mpaka uridhike, ila hiyo inataka kompyuta.