Tathmini ya systemd: inavyoiinua seva ya wavuti iliyoanguka

Kwa yeyote anayesimamia seva ya wavuti, iwe ya duka la mtandaoni, ya shule au ya gazeti, si jambo dogo kujua ni nani atakayeiinua huduma ikianguka usiku wa manane. Katika matoleo mengi ya Linux ya leo, kazi hiyo inaweza kufanywa na mfumo wenyewe. Programu ya systemd, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Lennart Poettering na Kay Sievers, na ambayo Debian na Ubuntu ziliifanya msimamizi mkuu wa huduma zao mwaka 2015, ina uwezo wa kuanzisha upya huduma iliyokatika bila kuhitaji programu nyingine ya ziada. Nimeutumia uwezo huu kwa nginx, programu ya seva ya wavuti, na kwa programu za Python zinazofanya kazi nyuma yake, na kwa maoni yangu ni chombo kizuri sana, ila mipangilio kinayokuja nayo haitoi ulinzi ambao wengi hudhani tayari wanao.

Mtu asipoandika lolote, thamani ya Restart, mpangilio unaoamua kama huduma iliyokufa itainuliwa, ni no, maana yake huduma ikifa imekufa. Faili la huduma ya nginx katika Debian halina kabisa mstari wa Restart, na lile la Apache, seva nyingine ya wavuti, lina Restart=on-abort, ambayo huiinua huduma iliyouawa kwa ishara (ujumbe wa mfumo kwa mchakato) tu, si ile iliyojifunga yenyewe kwa kosa. Wengi hawaligundui hili kwa sababu mchakato mkuu wa nginx huwazalisha upya wafanyakazi wake wanapokufa, hivyo tovuti inaendelea kupatikana na sifa zinakwenda kwa systemd isiyohusika. Siku kerneli, yaani kiini cha mfumo, itakapouua mchakato mkuu wenyewe kwa uhaba wa memori, tovuti itabaki chini mpaka mtu aingie kwenye seva.

Namna ya kurekebisha hili inastahili sifa. Amri ya systemctl edit nginx hufungua faili dogo la nyongeza ambalo huhifadhiwa katika /etc/systemd/system/nginx.service.d/override.conf, na faili la asili la kifurushi haliguswi, kwa hiyo masasisho yajayo hayafuti ulichoandika. Ndani yake, chini ya [Service], mistari miwili inatosha kuanzia: Restart=on-failure, inayoiinua huduma iliyokufa kwa kosa, na RestartSec=5, yaani sekunde za kusubiri kabla ya kujaribu tena. Baadhi ya watu hupendelea always, ambayo huiinua huduma hata ikijifunga salama. Kwa nginx naona on-failure inafaa zaidi, na zote mbili huheshimu amri ya systemctl stop, yaani msimamizi akiizima huduma kwa makusudi haitamrudia.

Jaribio lake lifanyike kwa uangalifu. Ukiuua mchakato mkuu kwa kill ya kawaida, inayotuma SIGTERM (ishara ya kuomba mchakato ujifunge), on-failure haitafanya chochote, kwa kuwa systemd huhesabu kifo hicho kuwa cha salama, sawa na vile vya SIGINT, SIGHUP na SIGPIPE. Tumia systemctl kill -s KILL nginx, inayoua bila kuomba, kisha usome kumbukumbu za matukio kwa journalctl -u nginx: utaona mstari unaotaja status=9/KILL, na baada ya sekunde tano mstari mwingine unaotaja hesabu ya mara ambazo huduma imeanzishwa upya.

Penye tatizo kubwa ni pale muda wa kusubiri unapokutana na ukomo wa majaribio. Bila kuambiwa vingine, systemd husubiri milisekunde 100 tu kabla ya kujaribu tena, na huruhusu huduma kuanza mara 5 ndani ya sekunde 10. Chukulia programu ya wavuti inayojifunga inapoikosa hifadhidata, na hifadhidata hiyo inawashwa upya kwa nusu dakika. Programu itamaliza nafasi zake zote kwa sekunde chache, systemd itaiacha, na hifadhidata itakaporudi itaikuta programu imekufa, ikingoja mtu aiwashe kwa systemctl start. Tiba inayopendekezwa kila mahali ni kuongeza RestartSec=5, lakini tiba hiyo peke yake huleta ugonjwa mwingine: kwa kusubiri sekunde tano kila mara, majaribio matano hayawezi kuingia ndani ya sekunde kumi, kwa hiyo ukomo haufikiwi kamwe. Huduma yenye faili bovu la usanidi itawashwa na kufa hadi asubuhi, na tahadhari uliyoiweka katika OnFailure, mpangilio wa kitu cha kufanya huduma ikishindwa, haitalia, kwa sababu huduma haihesabiwi kuwa imeshindwa mpaka ukomo ufikiwe.

Namba hizo mbili lazima zipangwe pamoja. Mimi huweka StartLimitIntervalSec=300 (sekunde za kuhesabia) na StartLimitBurst=10 (mara zinazoruhusiwa ndani yake), ambazo pamoja na RestartSec=5 huipa huduma karibu dakika nzima ya kujaribu kabla ya kutangazwa kuwa imeshindwa. Mistari hiyo miwili inakaa chini ya [Unit], si [Service]. Ukiiandika StartLimitIntervalSec chini ya [Service], systemd huipuuza, huacha onyo moja katika kumbukumbu za matukio, na huduma huwaka kana kwamba yote ni shwari. Hili silikubali katika chombo kinacholinda kazi za watu, na namsihi kila msomaji aipitishe huduma yake kwenye systemd-analyze verify, amri inayokagua makosa ya faili la huduma, kabla ya kuiamini.

Pia kuna kifo ambacho systemd haikioni, yaani huduma iliyo hai lakini haijibu. WatchdogSec imewekwa kwa ajili hiyo, lakini inahitaji programu yenyewe itume salamu za mara kwa mara, na nginx haizitumi. Gunicorn, seva inayoendesha programu za Python, huwaua wafanyakazi wake waliokwama baada ya sekunde 30, jambo linalosaidia, ila kwa mengine utahitaji ukaguzi wa nje unaoiomba tovuti ukurasa na kusubiri jibu.

Supervisor, programu nyingine ya kusimamia huduma ambayo wengi wa Python wameizoea, hurefusha muda wa kusubiri kila jaribio linaposhindwa, lakini nayo ni mchakato unaohitaji mlinzi. Kwa mashine moja sioni sababu ya kuiongeza, hasa tangu toleo la 254 la systemd la mwaka 2023 lilipoleta RestartSteps na RestartMaxDelaySec, zinazofanya kazi hiyohiyo. Ubuntu 24.04 inazo, Debian 12 haina. Kwa nginx pengo hilo halina uzito. Kwa programu inayotegemea hifadhidata iliyo kwenye mashine nyingine, kwangu ni sababu ya kutosha ya kupandisha toleo la mfumo.